MJI WAKO NI SALAMA KWA NANI?



Kuna ubishi ambao hauishi, maskani na kwenye simu. Wa Mombasa anasema Nairobi ni mji wa wezi, weka simu karibu na dirisha la matatu uone kama utafika nayo. Wa Nairobi anajibu, afadhali simu kuliko panga la Kisauni. Wa Lamu anawacheka wote wawili, ati kwao mtu analala na mlango wazi. Wa Garissa anasema kwao muuza duka akienda kuswali anatandika kitambaa tu juu ya bidhaa, na haziguswi. Wa Malindi ana lake, wa Isiolo ana lake, wa Kisumu naye hakubali kushindwa. Tunacheka, tunatumiana video, tunalala.

Ubishi ni mtamu, sikatai. Lakini swali lenyewe tumelikata nusu. Tunauliza mji gani ni salama, na nusu iliyobaki hatuigusi. Salama kwa nani? Salama kutokana na nani? Saa ngapi za usiku? Ukiwa umevaa nini? Ukiwa na jina gani kwenye kitambulisho?

Naiweka hoja yangu mapema, ili anayetaka kunitukana aanze mapema. Mji ambao mama hajui kama mwanawe atarudi leo hauna la kujigambia, hata bahari yake iwe nzuri vipi na biriani yake isifiwe na dunia nzima. Na sisi vijana tunaojigamba bila kuuliza ndio pazia. Nyuma ya pazia hilo watu wanakufa.

KUPENDA KWENU SI KOSA

Nisieleweke vibaya. Kupenda ulikozaliwa ni maumbile ya mtu. Mtume wetu (S.A.W.) aliipenda Makka, na aliondoka kwa huzuni kwa sababu watu wa kwao ndio waliomtoa. Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji ule ule dua, alianza kwa kuomba amani, kisha ndipo akaomba matunda. Hebu tazama mpangilio huo. Amani kwanza, riziki baadaye. Sisi tumeugeuza: tunahesabu mahoteli, barabara na majumba marefu, halafu tukikumbuka ndipo tunauliza kama watu wanalala usingizi.

Kwa hivyo usije ukaniambia naidharau Mombasa. Mimi ni wa hapa, na kwa sababu ni wa hapa ndio naanzia hapa.

MOMBASA: RAHA YA NANI?

Wazee waliuita mji huu Mvita. Wapo wanaolihusisha jina hilo na Shehe Mvita, wapo wanaolihusisha na vita, na historia inawapa sababu. Mreno aliuchoma mwaka 1505, akaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, akafurushwa na Waomani mwaka 1698. Mji umevumilia mengi na bado umesimama. Fahari yake ni ya kweli.

Lakini tuseme na ya juzi. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi ndani ya gari, akiwa na familia yake, kwenye barabara ya Malindi. Alikuwa na kesi mahakamani, na kazi ya kumhukumu ilikuwa ya hakimu peke yake. Siku zilizofuata mji uliwaka, na makanisa ambayo hayakuhusika na lolote yakashambuliwa. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, na mabuti yao, wakakamata zaidi ya watu 100, watoto wakiwemo. Kijana mmoja alipigwa picha siku hiyo akiwa mikononi mwa polisi, na mpaka leo familia yake haijamwona tena. Mwezi uliofuata, waumini waliokuwa ibadani kanisani Likoni wakamiminiwa risasi. Juni mwaka huo huo, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, akauawa kwa risasi huko huko Likoni.

Sheikh Rogo na Sheikh Idris walikuwa mbali kabisa kimawazo. Mmoja alishutumiwa kuwavuta vijana kwenye vita vya Somalia. Mwingine alipinga misimamo mikali hadharani. Risasi haikuwatofautisha. Huo ndio mji tuliokuwa tukiuimbia raha.

Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije kisiwani Mombasa ila kwa safari ya lazima. Kampuni za utalii zikawarudisha mamia ya wageni kwao kwa ndege. Hoteli zikabaki tupu. Wapishi, watandika vitanda na madereva wa teksi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hasara ilikuwa kubwa, na hapo ndipo tukajifunza tabia mbaya. Tuliambiwa tuseme Mombasa iko sawa, ili wageni warudi. Tukasema. Mpaka leo tunasema. Mtu akitaja kijana aliyepotezwa, anajibiwa, "Unaharibu jina la mji."

Jina la mji! Kana kwamba aliyeliharibu ni mama anayezunguka vituo vya polisi na picha ya mwanawe, si yule aliyemchukua mwanawe.

Na upande wa pili kuna kimya kingine, hiki ni chetu wenyewe. Magenge ya panga tunayajua. Majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao hayakushuka kutoka mbinguni, yametoka Kisauni, kwenye mitaa yetu, na ndani yake mna watoto ambao hata ndevu hawajaota. Wanaokatwa si matajiri. Anayekatwa ni mama anayefunga kibanda chake cha viazi karai. Ni kijana wa tuktuk aliyebakisha abiria mmoja. Ni mlinzi anayetoka zamu. Tunawajua waliokata, tunajua wanalala wapi, tunajua nani anawanunulia muguka. Lakini "ni mtoto wetu", "baba yake ni mtu mzuri", "tutamaliza nyumbani". Basi yule aliyekatwa ni mtoto wa nani?

Kimya cha kwanza kinamlinda anayeteka. Kimya cha pili kinamlinda anayekata. Vyote viwili tunaviita kulinda heshima ya mji.

NAIROBI: USALAMA ULIOKUJA NA LORI

Sasa wa Nairobi asianze kucheka. Mji wenu una kamera nyingi, askari wengi na walinzi mlangoni pa kila jengo. Na ndio mji ulioonyesha wazi kuliko wote kwamba usalama wa huyu unaweza kuwa hofu ya yule.

Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Waliuawa Wakristo, Waislamu, Wahindu, Wakenya na wageni. Aliyefanya vile ni muuaji, hakuna la kumtetea. Machi 31, 2014 milipuko ikaua watu wengine Eastleigh, Isilii yenyewe, mtaa ambao wakazi wake wengi ni Waislamu. Siku chache baadaye serikali ikaleta operesheni. Mnakumbuka iliitwaje? Iliitwa Usalama Watch. Usalama!

Usalama huo ulikuja na malori. Milango ilivunjwa usiku. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, Wakenya kwa wakimbizi, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa makaratasi. Uwanja wa mpira ukageuzwa kizuizi. Mama alitenganishwa na mtoto anayenyonya. Mwenye kitambulisho aliambiwa ni cha bandia, asiye nacho aliambiwa ni gaidi, na mwenye pesa mfukoni aliachwa aende. Watu wa Isilii waliitwa ATM kwa sababu kila askari alikuja kutoa pesa.

Wakati huo huo, mtaa wa pili tu, kuna Mkenya aliyelala vizuri akasema hatimaye serikali inafanya kazi. Alijisikia salama zaidi. Usiku mmoja, mji mmoja, huyu anashusha pumzi na yule anapanda lori. Ukiuliza Nairobi ilikuwa salama Aprili 2014, unamuuliza nani?

Na msidhani ilikuwa ya Wasomali pekee. Muulize kijana wa Mathare au wa Kayole, wa dini yoyote, kama akiona karao usiku anajisikia amelindwa. Muulize Mnubi wa Kibra, ambaye babu yake alizikwa pale na bado akienda kutafuta kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati ya kumhoji kama ni Mkenya.

Halafu ikaja Juni 2024. Vijana wa nchi nzima walitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wengine wakapigwa risasi. Miezi iliyofuata Wakenya wakaanza kuandika mambo ambayo Pwani na Kaskazini Mashariki tumeyaandika miaka zaidi ya kumi: gari dogo lisilo na namba, wanaume waliofunika nyuso, simu iliyozimwa, kituo kinachosema hatumjui. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Disemba 2024. Wengi walishtuka. Sisi tulishtuka kwamba wameshtuka. Wakati ule gari hilo likija Majengo, hao hao waliandika, "Lazima kuna kitu alifanya."

Sisemi hivi ili tuwazomee. Nasema ili tuone kwamba hofu iliyoachwa kwenye mtaa mmoja haikai pale. Inahama. Ikishajua njia, inafika hata kwa mtoto wa mtaa wenye geti.

LAMU NA GARISSA: MLANGO WAZI NA KABURI

Lamu ni fahari yetu sote. UNESCO iliuweka mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Punda wanapita, magari hayajai, watoto wanacheza vichochoroni mpaka Isha. Ni kweli watu wanalala mlango wazi.

Lakini Lamu ni mji peke yake? Juni 2014 watu wapatao 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Walichaguliwa, wanaume wakatolewa majumbani. Wale nao ni watu wa Lamu, hata kama hawasemi Kiamu. Baada ya hapo ikaja kafyu ya usiku, na mvuvi wa usiku akakatazwa bahari. Samaki hajui kafyu. Mvuvi ambaye hakumdhuru mtu alikaa nyumbani akiangalia mtumbwi wake ukikauka. Kule Basuba, shule za watoto wa Kiboni zikafungwa kwa miaka. Kwa hivyo unaposema Lamu ni salama, sema Lamu gani. Ya ukingoni mwa bahari wanakopiga picha wageni, au ya msituni?

Garissa nayo. Kitambaa juu ya bidhaa ni kweli, nimesikia kwa wengi. Na ni kweli pia kwamba Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na wauaji waliwatenga kwa dini. Mzazi wa Bungoma aliyepokea jeneza hatasikiliza habari ya kitambaa. Na mzee wa Wajir anayekumbuka Februari 1984, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla wakauawa na vyombo vya serikali, naye hatasikiliza mtu akimwambia askari wakija ndio usalama umekuja.

Sasa niwaambie fahari ya nyumbani ninayoijua mimi. Disemba 2015, basi linalotoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa na wauaji. Walitaka Waislamu wasimame upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, watu 28 walikuwa wameshauawa kwa mtindo huo huo kwenye basi lililotoka Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini.

Mwalimu Salah hakubishana mji gani ni bora. Alifanya kiti cha basi kiwe salama kwa mtu asiye wa dini yake wala wa kwao. Ukitaka kujivunia Mandera, jivunie hilo.

NANI ANAPANGA ORODHA?

Kila mwaka zinatoka orodha za miji salama na miji hatari duniani, na sisi tunazisambaza kama matokeo ya mpira. Hebu tuulize zinapangwa kwa macho ya nani.

New Zealand husifiwa kama moja ya nchi zenye amani kuliko zote. Machi 15, 2019, siku ya Ijumaa, mtu mmoja aliingia misikiti miwili mjini Christchurch akaua watu 51. Orodha haikuwaongopea waliobaki nyumbani siku hiyo. Iliwaongopea waliokwenda Ijumaa.

Na ile Uingereza iliyotuonya mwaka 2014? Julai na Agosti 2024, baada ya watoto watatu kuuawa Southport na uongo kusambazwa kwamba muuaji ni Mwislamu mhamiaji, misikiti ilishambuliwa kwa mawe na hoteli za waomba hifadhi zikatiwa moto. Safari hii ni Kenya iliyowaonya watu wake walioko kule wajihadhari. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu kuna dada wa Kipwani anayefanya kazi hospitalini kule na jioni hiyo alikuwa anafikiria atafikaje nyumbani na mtandio wake.

Kwa hivyo ukimwona mzungu ameandika Mombasa ni hatari, usikimbilie kumjibu Mombasa ni peponi. Onyo lao limeandikwa kwa ajili ya mtalii wao, na jibu lako unaliandika kwa ajili ya mtalii huyo huyo. Kijana wa Bondeni hayumo kwenye onyo na hayumo kwenye jibu.

MUULIZE DADA YAKO

Wanaobishana kwa sauti kubwa kuhusu usalama wa miji ni wavulana. Sasa wewe unayesema mtaa wenu hauna shida, kamuulize dada yako maswali matatu. Anaweza kutoka dukani saa tatu usiku peke yake? Anapopita maskani yenu, mnamwambia nini? Kondakta akimshika mkono kumpandisha matatu, nani atasema?

Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo hadharani katikati ya Nairobi na kundi la wanaume, video ikazunguka nchi nzima, wanawake wakaandamana. Wapo waliosema amejitakia kwa mavazi yake. Na wapo wasichana waliojisitiri kutoka kichwani mpaka miguuni wanaoangaliwa mkoba mara mbili kila wakipita mlango wa duka kubwa, au anayekaa kwenye matatu na mtu wa kando anahama kiti. Huyu anaadhibiwa kwa kuvaa kidogo, yule kwa kuvaa sana. Wote wawili hawajui mji huo salama unaousema.

MAKOFI YANAYOUA

Nimefika pale penye uchungu. Kila genge la panga likivamia, siku ya pili habari zinatoka kwamba vijana wawili au watatu wamepigwa risasi na polisi. Angalieni tunavyoandika. Wazi kabisa: "Kazi nzuri." "Wamalizeni wote." Na ni sisi, Waislamu, watu wa haki, tunaoandika.

Nayaelewa makofi hayo. Mtu aliyekatwa panga na mwenye kukatwa hana kosa la kuwa na hasira. Lakini sikiliza. Polisi anayeua bila korti hana alama usoni inayoonyesha ataua mwizi tu. Leo umempa ruhusa kwa kijana wa panga, kesho ataitumia kwa mdogo wako aliyevaa shati la rangi ile ile, keshokutwa kwa imamu, mtondo kwa wakili. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi waliuawa Juni 2016 kwa sababu mteja alimshtaki askari. Ilichukua miaka sita kortini mpaka Julai 2022 askari watatu na mpasha habari wao wakapatikana na hatia. Miaka sita, lakini korti ilifika. Ndio tunachokitaka kwa kila mtu: kwa askari muuaji, kwa mtoto wa panga, na kwa anayeshukiwa ugaidi. Aletwe, asikizwe, ahukumiwe.

Haki ukiigawa vipande, kipande chako ndicho kitakachopotea kwanza.

SASA TUFANYE NINI?

Maneno bila kazi ni kelele. Haya ni ya kufanya, na mengi hayataki pesa.

Kwanza, jifunze Kifungu cha 49 cha Katiba kama unavyojua wachezaji wa timu yako. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na mtu wako, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda umeishia nje ya saa za kazi.

Pili, mtu akichukuliwa, msingoje kesho. Andikeni saa, mahali, namba ya gari kama ipo, nguo alizovaa, na nani ameona. Nendeni kituoni wakiwemo wazee na mama zetu, mtake namba ya OB. Wakiwaambia hayupo, andikeni jina la askari aliyesema hivyo, kisha mtafuteni wakili aiombe korti iamuru aletwe mbele yake. Haki hiyo Katiba imesema haiwezi kupunguzwa hata kwa jina la usalama. Malalamiko dhidi ya polisi pelekeni IPOA pia, hata mkiona hayaendi. Kisichoandikwa baadaye huambiwa hakikutokea.

Tatu, aliyekatwa panga apate matibabu, apige ripoti, apate namba ya OB na fomu ya P3 ijazwe. Tuache kumaliza kesi za damu kwa soda na mkeka. Ukimpenda mtoto wetu, mpeleke mwenyewe kituoni mchana, na wakili na mzazi, kabla hajatafutwa usiku na watu wasio na wakili.

Nne, kila msikiti uwe na orodha ya vijana wa mtaa walioacha shule na wasio na kazi. Tunajua idadi ya mazulia, hatujui idadi ya hao. Na tukae na kanisa la jirani, kwa sababu panga halibagui na wala lile gari lisilo na namba.

Tano, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nendeni. Ulizeni mulika mwizi ngapi zinawaka kwenye wadi yenu na ngapi zimezimika. Taa ikiwaka, dada yako anafika nyumbani. Hakuna itikadi hapo, ni stima.

Sita, kwenye simu zetu: usisambaze sura ya mshukiwa, usitaje jina la shahidi, usitume video ya maiti. Ushahidi mpe wakili.

Nami nawaahidi ubishi mzuri kuliko ule wa mwanzo. Tushindane ni mtaa gani kijana aliyesahau kitambulisho anaweza kurudi kutoka Isha bila moyo kumdunda. Ni mji gani Mkristo anaswali kwake Jumapili na Mwislamu Ijumaa na hakuna anayeangalia mlangoni. Ni kituo gani cha polisi mama anaingia akauliza mwanawe yuko wapi, akajibiwa kweli, siku hiyo hiyo. Ni maskani gani msichana anapita na vijana wanamwitikia salamu tu.

Mwenye mji wa namna hiyo ajigambe. Tutampisha apite mbele, na tutakwenda kwake kujifunza.